Aliyenigeuzia Kurasa

Hivi wewe, ukipigiwa simu uende kwenye usaili wa kazi jua linazama, peke yako, kwenye jengo ambalo hata wafagiaji wameshaondoka, hutajiuliza kitu?

Mimi sikujiuliza. Mwenye njaa hachungulii chungu. Nina shahada ya muziki. Ndiyo, ya muziki. Cheka kwanza, nitakusubiri.

Umemaliza? Haya. Nilisoma piano mpaka ncha za vidole zikaota sugu. Nikavishwa joho, nikapigwa picha Mama akilia kwa furaha, na tangu siku hiyo kila ofisi ninayoingia naambiwa acha CV, we shall get back to you. Hajarudi mtu. Mtaani kwetu CV zangu zimefungia vitu vingi kuliko magazeti.

Nyumbani hatuna piano. Nani anayo? Mama ni fundi cherehani, na mimi nilikuwa nafanya mazoezi kwenye meza yake ya kukatia nguo. Nilichora vibonyezo kwa chaki yake, nikakaa pale kila asubuhi nikipiga sonata nzima bila sauti. Naisikia kichwani tu, cherehani ikitwanga pembeni. Sonata, kama hukuwahi kukutana nayo, ni muziki mrefu wa piano peke yake. Hii yangu ina sehemu tatu: ya kwanza inajidai, ya pili inakwenda polepole kama mtu anayekumbuka, ya tatu inakimbia. Aliyeitunga alishaoza zamani, lakini alivyotaka ipigwe tunabishania mpaka leo. Huo ubishi ndio fani yangu.

Kaka yangu mkubwa, mchomelea vyuma, aliniita Profesa wa Meza.

"Leo tumepiga nini, Profesa?"

"Sonata."

"Mbona majirani hawakulalamika?"

"Masikio yao yameshakufa kwa grinda lako."

Mama anacheka, pini zimebanwa mdomoni. "Mwache Chiriku wangu. Meza hiyo hiyo ndiyo iliyokusomesha na wewe." Chiriku ndiyo mimi, kwa sababu ya mdomo.

Simu ilikuja mchana. Sauti ya katibu muhtasi, laini, ya mtu aliyeshiba. Chuo cha muziki kinatafuta mpiga piano wa kudumu. Nimechaguliwa kwa usaili. Nije leo saa kumi na mbili jioni, nipige sonata moja kamili, nisiruke sehemu. Kamati itasikiliza.

"Leo leo?" nikauliza.

"Kama huna nafasi, wapo wengine."

Wapo wengine! Hawa watu wanajua sana pa kukubana. Nikaoga, nikaazima viatu vya wifi vyenye soli nyembamba, maana pedali za piano hazitaki buti. Mama akanisindikiza mpaka mlangoni, futi ya kupimia ikiwa shingoni kama nyoka wa kufugwa.

"Chiriku! Usiwajibu jeuri hao watu, wamesoma kuliko wewe!"

"Wamekula kuliko mimi, Mama. Kusoma tumelingana."

Nikaondoka.

Mlinzi wa getini alikuwa ameegemea kiti chake, redio ndogo mapajani, inasoma habari kwa sauti ya juu. Aliniangalia miguu kwanza, kisha uso.

"Na wewe ni wa piano?"

"Ndiyo, mzee."

"Ingia. Wako juu. Wenzako wote huja saa hii hii."

"Na walipata kazi?"

Akafikiri. "Walitoka," akasema.

Nilidhani ni utani wa walinzi.

Ukumbi ulikuwa mkubwa, na mchafu kwa namna ya kusikitisha. Dari lina madoa ya maji. Ndoo mbili zimewekwa chini ya panapovuja. Viti vyote vimepangwa ukutani, kimoja juu ya kingine. Kwenye ukuta wa nyuma, juu kabisa, kulikuwa na kidirisha chenye kioo cheusi, na ndani yake taa ya njano. Spika ikakwaruza.

"Karibu. Anza ukiwa tayari. Usikatize."

Hawakuniuliza jina. Nikajisemea labda ndiyo professionalism.

Piano ilikuwa katikati, nyeusi, kubwa, miguu mitatu. Sasa nikwambie kitu kuhusu kazi yetu. Mpiga gitaa huja na gitaa lake mgongoni. Wa filimbi huja nayo mfukoni. Sisi tu, wapiga piano, ndio tunaokwenda mikono mitupu na kukuta chombo cha watu. Unaketi, unaweka vidole, na hujui jana pale palikaa nani.

Nikaijaribu. Sauti ya chini na ya juu, moja baada ya nyingine. Safi. Safi kabisa, kama kengele. Na hapo ndipo ningepaswa kuinuka. Piano ni mbao na nyuzi. Kwenye ukumbi unaovuja namna ile, bila fundi wa kuikaza kila mara, inachacha kama maziwa. Hii haikuchacha hata uzi mmoja. Nikasema moyoni, angalau fundi wao anajua kazi.

Kisha nikasikia harufu.

Haikuwa ya mbao wala ya vumbi. Ilikuwa harufu ya kinywa. Pumzi ya mtu aliyeamka sasa hivi, vuguvugu, ikitoka chini ya kifuniko.

Nikakanyaga pedali ya kulia ili niizoee. Ukiikanyaga hiyo, vile vitambaa vinavyozuia nyuzi huinuka, nyuzi zote zinakuwa wazi. Chuoni tulikuwa tukichezea hivyo: mmoja anakanyaga, mwingine anaingiza kichwa na kuita "uuuu", na piano inamjibu "uuuu", kama kisima.

Nilikanyaga. Sikuita kitu.

Piano ikajibu.

"Mmmmm..."

Ndogo. Ya mbali. Nikainua mguu, ikakatika. Labda ni lori barabarani, nikajisemea. Msomi hakosi sababu.

"Nikugeuzie, dada?"

Niliruka. Kushoto kwangu, kwenye kiti ambacho naapa hakikuwepo, alikaa mwanamke. Si kijana, si mzee. Sweta la kijivu amelifunga vifungo mpaka kooni, na joto lote lile. Mikono magotini. Kucha safi sana.

"Kamati imekutuma?" nikanong'ona.

"Mimi niko hapa siku zote."

Sasa, ukweli ni kwamba sonata hupigwa kwa kichwa, bila karatasi. Msanii aliyeiva haangalii nota. Lakini mimi nilikuwa natoka mezani, si kwenye piano. Miezi mingi nimepiga chaki. Kichwa changu sikukiamini. Nikatandaza karatasi zangu na nikafurahi, tena nikavimba kichwa kabisa. Mgeuza kurasa! Kama wale wakubwa! Laiti Kaka angeniona.

Mgeuza kurasa ana adabu yake. Anakaa kushoto. Haongei. Mikono yako yote miwili iko kazini, kwa hiyo ukifika mwisho wa ukurasa unaitikia kwa kichwa, mara moja, naye anainuka na kugeuza. Ni mazoea. Kichwa kinaitikia chenyewe, hata hufikiri.

"Nitaitikia kwa kichwa," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Mimi sigeuzi bila kuitikiwa."

Nikaanza.

Sehemu ya kwanza ilitoka vizuri. Vidole vilikuwa na kutu kidogo, lakini vilikumbuka. Nikafika mwisho wa ukurasa, nikaitikia. Akainuka. Akalamba kidole cha shahada. Akageuza. Akakaa.

Halafu akameza.

Sikia nilivyosema. Kulamba kidole kabla ya kugeuza, kila mtu hulamba. Yeye alimeza baada ya kugeuza. Koo lilipanda na kushuka, taratibu, kama mtu aliyepitisha kitu kigumu.

Nikaendelea. Ila nikahisi ukumbi umepungua kitu. Nini? Nikapiga huku nikitafuta... Redio. Redio ya mlinzi, iliyokuwa ikipenya dirishani tangu niketi, haikuwepo tena. Amezima, nikasema. Ukurasa mwingine. Nikaitikia. Akalamba, akageuza, akameza. Na matone ya ndoo, yale ya tip... tip... yakaisha.

Niliangalia ndoo kwa pembe ya jicho.

Tone lilikuwa likidondoka. Niliona maji yakitikisika.

Hayakutoa sauti.

Mtu mwenye akili angeacha. Mimi nilikuwa na kidirisha cha njano mgongoni na neno moja kichwani: kazi. Kazi, kazi, kazi. Usikatize. Wapo wengine.

Nikaingia sehemu ya pili, ile ya polepole.

Hapa nieleze kidogo, maana hapa ndipo nilipoliwa. Sehemu hii ina nota chache mno. Mtoto anaweza kuzipiga. Ugumu wake ni kimya. Kimya nacho kimeandikwa kwenye karatasi kama sauti, ila hakuna aliyeandika kina uzito gani. Chuoni profesa wetu alisema hii ni maombolezo, tupige tukilia. Mimi nilimbishia mpaka akanikata maksi: huyu si mtu anayelia, huyu ni mtu aliyekataa kulia. Hata hivyo, kitu kimoja alichotufundisha nilikishika. Alisema, piano haiimbi, ni nyundo zinazogonga nyuzi. Ukitaka iimbe, tafuta sauti ya mtu unayempenda, iweke moyoni, kisha piga kama yeye.

Mimi sauti yangu ilikuwa moja siku zote. Mama akiguna wimbo kwenye cherehani, pini mdomoni.

Nikaiweka moyoni. Nikapiga.

"Usiharakishe," mwanamke akanong'ona. Mgeuza kurasa haongei, lakini yeye aliongea, na lile neno lilikuwa sahihi. Nikapunguza. "Hapo... subiri. Zaidi. Usiipige bado."

Nikasubiri. Kimya kikavimba. Mguu wangu ulikuwa kwenye pedali, nyuzi ziko wazi. Na ndani ya kile kimya, chini ya kifuniko, nikawasikia.

Wengi.

Mwanamume akikohoa. Bibi akicheka cheko la kizee. Mtoto mchanga akilia, kilio cha njaa, kidogokidogo, kama yuko chini ya mablanketi.

"Sasa," akasema mwanamke.

Nami nikapiga nota iliyofuata. Mungu anisamehe, ilikuwa nota nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga maishani. Machozi yalinitoka. Niliogopa, na bado sikutaka kuacha. Kwa mara ya kwanza tangu nivue joho nilijua mimi ni nani.

Ukurasa ulikuwa unaisha. Akainama karibu. Ile harufu ya kinywa, sasa ikawa usoni kwangu.

"Inaimba vizuri," akanong'ona. "Ni sauti ya nani hii?"

Nilimfikiria Mama tu.

"Ahaa," akasema. "Huyo."

Na ukurasa ukafika mwisho.

Nikaitikia.

Alilamba kidole polepole. Akageuza. Alipomeza, koo lake lilivimba, likakwama, akafumba macho, akameza tena. Likapita.

Nyuma yangu, taa ya kidirisha ikazimika. Niliona kivuli changu kikifutika juu ya nota. Hawakuaga. Walichokuja kusikiliza kilikuwa kimeshatokea.

Sehemu ya tatu inakimbia, nami nikakimbia nayo. Nataka kumaliza, niende nyumbani. Vidole vinaruka. Naitikia bila kutaka, shingo ina mazoea yake, na kila nikiitikia kuna kitu kinatoka nje ya dunia, sijui nini, mpaka leo bado nagundua. Kurasa zilikuwa zimelowa mate. Nikafika mwisho. Nota ya mwisho naijua, nimeipiga mezani mara zisizo na idadi.

Akageuza.

Kulikuwa na ukurasa mwingine.

Sonata ile haina ukurasa huo. Mistari mitupu, haina hata nota moja, ila chini kabisa, kwa wino mbichi, zile nukta mbili na mistari miwili ya kusimama. Kila mpiga piano anazijua. Maana yake: rudi mwanzo, piga tena.

Vidole vyangu vikaanza kurudi mwanzo. Vyenyewe.

"Hapana," nikasema.

Mwanamke akafungua mdomo. Haukuwa na ulimi, au labda ulikuwepo, sikuuona, kulikuwa na giza tu. Na kutoka mle ndani ikatoka sauti ya Mama. Ya Mama yangu mwenyewe, na pini zake mdomoni.

"Chiriku. Rudia, mwanangu."

Nilipiga kelele. Nikavuta mguu kwenye pedali. Haukutoka. Kiatu kilikuwa kimenata pale kama kimechomelewa, na pedali imeshuka, na nyuzi zote ziko wazi, na wale wote mle ndani wanaguna na vidole vyangu vinapiga. Nikavua mguu kutoka kwenye kiatu. Nikapiga teke kiatu, pedali, kila kitu.

Pedali ikapanda. Vitambaa vikashuka juu ya nyuzi.

Bup.

Kimya.

Mwanamke alikuwa bado anaongea. Mdomo unakwenda, shingo imekaza, amenyoosha mikono kwangu. Hakuna kinachotoka; sauti ya Mama inataka nyuzi zilizo wazi. Aligundua. Akaanza kuinamia pedali ili aikanyage kwa mkono.

Sikungoja. Nilikimbia na kiatu kimoja.

Getini mlinzi alikuwa vile vile, ameegemea, redio mapajani, taa yake nyekundu inawaka. Anatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza.

"Redio yako imekufa?" nikamuuliza, nahema.

"Imekufa wapi? Si hii inaunguruma."

Nikaiweka sikioni. Niliihisi ikitetemeka kwenye shavu.

Akaniangalia mguu mtupu. "Afadhali wewe umeacha kiatu tu," akasema. Akaufungua mlango wa geti.

Nyumbani walikuwa hawajala. Nilisikia cherehani kutoka nje, tra-tra-tra-tra, nikashukuru Mungu. Nikaingia. Kaka yuko kwenye kochi.

"Profesa! Umeajiriwa au umefukuzwa na mbwa? Kiatu cha mke wangu kiko wapi?"

Nilimsikia kila neno. Mama akasimamisha cherehani. Akatoa pini mdomoni. Akaniangalia juu mpaka chini, akafungua mdomo.

Midomo ikaenda.

"Mama?"

Midomo ikaenda tena, haraka zaidi, mikono kiunoni.

"Mama, ongea."

"Anaongea," Kaka akasema.

"Anasema nini?"

Kaka akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Anasema ulikuwa wapi, na mbona unatetemeka."

Niliangalia midomo ya mama yangu. Ilikuwa inaniita jina langu. Niliona tu umbo lake.

Daktari wa masikio alinivalisha vidude, akanipigia milio ya juu na ya chini, akasema sijawahi kuona masikio mazuri hivi, unafanya kazi gani? Nikamwambia sina. Nimesikiliza ujumbe wote wa sauti alionitumia Mama kwenye simu tangu nikiwa bwenini. Cherehani ipo. Jogoo wa jirani yupo. Kaka anabishana kwa nyuma. Mahali pa Mama pana shimo. Siku hizi akitaka kuniambia kitu anamwambia Kaka, naye ananiambia, na mara nyingine Kaka anafupisha, nagombana naye, kwa sababu nataka yote, hata matusi. Mama analia akidhani nakataa kumsikia kwa makusudi. Nikijaribu kukumbuka alivyokuwa akiguna, nakumbuka maneno ya wimbo. Sauti sikumbuki. Imetolewa mpaka ndani ya kichwa.

Nilimtafuta Besi. Besi tulisoma naye piano, jitu kubwa, mzaha mwingi, halafu ghafla mwaka mmoja akaacha muziki, akaenda kuuza vipuri vya pikipiki. Nikamkuta dukani kwake. Niliposema jina la kile chuo, akashusha shata la mlango nusu.

"Uliitikia?" akauliza. Hivyo tu.

"Niliitikia."

Akaketi juu ya matairi. Jitu zima likawa dogo.

"Mimi yangu ni ya mtoto," akasema. "Alikuwa na wiki chache. Nilipofika ile sehemu ya polepole nilimfikiria yeye, anavyolia akitaka titi. Sasa anasema baba, wananiambia anasema baba. Usiku mke wangu ananipiga kiwiko: mtoto analia, wewe umelala kama gogo! Sijamwambia, dada. Nimwambieje?"

"Yule ni nani, Besi?"

"Nimeuliza. Kila mtu ana lake. Kuna anayesema mwanzilishi wa chuo aliizindika ile piano kwa mtu wa mambo hayo, ili isiharibike, chuo kisife. Mwingine anasema mama huyo alikuwa mpiga piano wao, akafa akiwa anasubiri mshahara. Mimi sijui." Akapangusa mikono yenye grisi. "Ninachojua ni kimoja. Mwulize fundi yeyote wa piano mji huu kama ameshawahi kuitwa pale. Hakuna. Haijakazwa uzi tangu iletwe, na haichachi. Wenzao wanalipa fundi. Wao wanalipa kwa mama zetu na watoto wetu."

"Na kazi? Nani aliwahi kupata ile kazi?"

"Wewe bado unaamini kuna kazi?"

Nikaenda kwa Mkuu wa Chuo mchana kweupe. Akanipokea. Tai, marashi, kiyoyozi. Akasema usaili wangu ulikuwa excellent, very moving, hasa sehemu ya pili, ila kwa sasa nafasi imesitishwa kwa sababu za kibajeti.

"Nani alikuwa ananigeuzia kurasa?"

"Hatuna mgeuza kurasa, binti. Bajeti hairuhusu."

"Mlizima taa nilipoitikia."

Akatabasamu. Akabonyeza kengele.

Kabla mlinzi hajanifikia nilishakimbilia ukumbini. Kweupe, jua linaingia, hakuna mtu. Kiti cha kushoto hakipo. Nikaenda moja kwa moja kwenye piano, nikavua kiatu, nikakanyaga pedali kwa mguu mtupu, nikaingiza kichwa chini ya kifuniko. Lile joto. Ile pumzi.

Sikuita. Nilingoja tu, kama nilivyofundishwa kusubiri.

"...iiii... uuu..."

Mbali. Mbali sana. Chini ya kikohozi cha yule mwanamume, chini ya cheko la bibi, kando ya kile kichanga.

Mama yangu. Ananiita.

Nililia mpaka nyuzi zikalia na mimi. Walinzi walinivuta kwa miguu. Yule mlinzi wa jioni, siku hiyo akiwa zamu ya mchana, hakuwa na nguvu za kunivuta, aliangalia pembeni tu.

Kaka anataka tuende na grinda lake tukaikate ile piano vipande. Anaweza, ni asubuhi moja tu ya kazi. Ila mimi namzuia, maana sijui. Tukikata zile nyuzi, sauti zitatoka zirudi kwa wenyewe? Au ndipo zitakufa kabisa? Hakuna anayeweza kuniambia isipokuwa nyinyi wa chuo kile.

Na leo nimeona mmetoa tangazo jipya. Wahitimu wa muziki wenye sikio zuri wanahimizwa kuomba. Usaili jioni.

Basi nawaambia nyinyi wa kile kidirisha, Mkuu na kamati yako yote, msijifiche nyuma ya kioo. Futeni hilo tangazo. Fungueni ule ukumbi mchana, mbele yetu sote, mtuambie mlipatana nini na yule mwanamke, na zile sauti zinafunguliwaje. Kazi yenu kaeni nayo, siitaki tena. Nirudishieni sauti ya mama yangu.